Pikapu inavuja oili: jinsi ya kupata chanzo na kurekebisha kabla ya kutoka Kismayo

Doa jeusi chini ya pikapu asubuhi ni jambo ambalo madereva wengi wa njia ya Kismayo wamelizoea. Dereva anaongeza nusu lita, anafunga boneti, anapakia mzigo na kuondoka. Mara nyingi anafika. Lakini kutoka Kismayo hadi Dhobley ni zaidi ya kilomita 190 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, barabara yenyewe ni ndefu zaidi, na ukishaupita mji wa Afmadow hakuna gereji ya kutegemea kwa kazi kubwa ya injini. Gari likikaukiwa oili huko, mwenye gari amepoteza injini. Mwenye mzigo naye, kama ni samaki au kamba waliofungwa kwenye barafu, amepoteza mzigo siku hiyo hiyo.

Makala haya yanawalenga wasafirishaji wenye pikapu za dizeli za Toyota, yaani Hilux na Land Cruiser, kwa sababu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mizigo midogo ya pwani hii. Mwenye gari la kampuni nyingine anaweza kuyatumia pia, kwani mengi ni yale yale.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: pale oili inapodondokea sipo pale inapotokea. Oili hutoka juu, huteremka kwenye ukuta wa injini, hupeperushwa nyuma na upepo wakati gari linakwenda, kisha hudondoka kutoka mahali pa chini kabisa. Ndiyo maana karibu kila gari linalovuja huonekana linavujia kwenye sampu au kwenye maungio ya injini na giaboksi. Fundi anayeangalia tone peke yake ataishusha giaboksi, atabadilisha sili ya nyuma, atalipwa, na wiki ya pili doa litarudi pale pale. Kosa hilo ni la kawaida na ni ghali.

Hakikisha ni oili ya injini

Tandika katoni safi chini ya gari usiku, gari likiwa mahali pa tambarare, na weka alama ya magurudumu ya mbele yalipo. Asubuhi utaona tone liko wapi na ni la rangi gani. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na inateleza vidoleni. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya usukani mara nyingi ni mekundu. Mafuta ya breki ni mepesi, hayana rangi au yana unjano kidogo, na hula rangi ya gari. Ukiyaona karibu na gurudumu, usiondoke hata kidogo. Dizeli inajulikana kwa harufu yake. Kama ni dizeli inayodondoka, shughulikia mipira ya pampu na usihangaike na sili za injini.

Angalia pia kijiti cha kupimia oili. Zima injini, ngoja dakika tano hadi kumi, pima. Kama kiwango kimepita alama ya juu, huenda ugonjwa ni huo. Oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu na kusukumwa nje. Dereva mwenye wasiwasi wa kuvuja huongeza, gari linavuja zaidi, naye anaongeza tena.

Osha, kausha, paka poda

Injini iliyojaa tope na mafuta ya miaka mitano haiwezi kuonyesha kitu. Kwanza fungua bamba la kinga lililo chini ya injini kama lipo, kwa sababu linakusanya oili na kuimwaga mahali tofauti kabisa. Injini ikiwa baridi, paka mafuta ya taa au dizeli kwa brashi sehemu zote zenye uchafu, acha yalainike, sugua, kisha osha kwa sabuni na maji baridi ya kisima. Usitumie petroli, cheche moja inatosha kuleta moto. Funika alternata na mdomo wa kuingizia hewa kwa mfuko wa plastiki.

Maji ya bahari yasitumike. Tunalisema kwa sababu magari yanayoteremka ufukweni kupokea mzigo wa mashua kutoka Koyama, Chovai na Chula huoshwa hapo hapo kwa ndoo ya maji ya chumvi, na athari yake tutaieleza tukifika kwenye sampu.

Ikikauka kabisa, nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio yote: kuzunguka kava la tapeti, kichwa cha silinda, sehemu ya filta, mbele kwenye puli ya krenki, pembeni mwa sampu, na pale injini inapokutana na giaboksi. Washa injini dakika 15 bila kuondoka, halafu zima uangalie kwa tochi. Kisha endesha kilomita tano au kumi, urudi uangalie tena. Poda iliyolowa huonyesha mstari mweusi. Ufuate mstari huo kwenda juu hadi pale unapoanzia. Chanzo ni pale juu kabisa penye unyevu na mbele kabisa penye unyevu. Kama umepata sehemu mbili, tengeneza ya juu kwanza, osha tena, halafu uone kama ya chini bado ipo.

Kazi hii inachukua nusu siku. Fundi anayekataa kuifanya na kusema "mimi naijua hii" anataka kukisia kwa fedha yako.

Kabla ya kubadilisha sili yoyote, sikiliza pumzi ya injini

Ndani ya injini kuna hewa. Moshi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, kisha hutolewa kwa bomba la kupumulia linalotoka juu kwenye kava la tapeti. Bomba hilo likiziba kwa masizi, au ringi zikiwa zimekwisha na moshi kuwa mwingi kuliko linavyoweza kutoa, presha hujaa ndani na kutafuta njia. Njia ya kwanza ni sili. Hapo hata ukifunga sili mpya ya asili, itasukumwa na kuvuja ndani ya mwezi mmoja.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kuongezea oili na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kutetemeka kidogo na moshi mwepesi ni kawaida kwa dizeli iliyotembea. Kikirushwa au kikirukaruka kwa nguvu, presha imezidi. Chomoa bomba la kupumulia, lisafishe ndani kwa mafuta ya taa na waya laini, lirudishe, upime tena. Ikiwa presha imeshuka, umetengeneza gari kwa gharama ya kitambaa. Ikiwa bado iko juu, injini inahitaji ringi, na hakuna sili itakayokusaidia. Ni afadhali ujue hivyo mapema upange bei zako za usafirishaji, kuliko kubadilisha sili tatu mfululizo.

Sehemu za juu

Kava la tapeti ndilo la kuanzia. Gasketi yake ni ya mpira, hukauka na kuwa ngumu kama plastiki kwa joto. Baadhi ya injini zina vipande vya mpira vya nusu duara kwenye ncha za kichwa cha silinda, na hivyo husahauliwa. Kipande cha nyuma kikivuja, oili hushuka nyuma ya injini hadi kwenye giaboksi na kuonekana kabisa kama sili ya nyuma imekufa. Badilisha gasketi na vipande vyote pamoja. Usikaze bolti za kava kwa nguvu ukitegemea kuzuia oili; kava la bati hupinda na kuvuja zaidi.

Kwenye Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, angalia nyuma ya alternata. Pale kuna pampu ndogo ya vakyumu inayosaidia breki, na inalishwa oili ya injini kwa mpira mmoja na kuirudisha kwa mwingine. Mipira hiyo huchakaa, na oili ikipenya ndani ya alternata huiharibu. Ni mipira rahisi kubadilisha, lakini hakikisha ni ya kuhimili oili ya moto. Mpira wa maji wa kawaida utavimba na kupasuka.

Swichi ya presha ya oili nayo huvuja, wakati mwingine kupitia pale waya unapochomekwa. Filta huvuja kwa sababu mbili: ni bandia, au gasketi ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake. Hiyo ya pili ni hatari sana, kwani filta iko upande wa presha na oili inaweza kumwagika yote kwa dakika chache. Kila unapobadilisha filta, futa uso wa injini kwa kidole uhakikishe hakuna kilichobaki, paka oili kwenye gasketi mpya, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ni ya kufungulia filta, haifai kuifungia.

Sili ya mbele na mkanda wa taimingi

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo madereva wengi hudharau na ndipo hasara kubwa hutokea.

Injini za 2L, 3L, 5L, za 1KD na 2KD, na 1HZ ya Land Cruiser zote zinatumia mkanda wa mpira kuzungusha kemshafti. Mkanda huo unatakiwa kukaa mkavu. Oili ikiufikia, mpira hulainika, meno hung'oka, na siku moja unakatika. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu hugongana na pistoni. Hapo kava la tapeti likifunguliwa utakuta vyuma vimepinda au kuvunjika, na gharama yake inaweza kuzidi malipo ya safari nyingi.

Kwenye injini za L, mkanda unaanzia kwenye krenki yenyewe, hivyo sili ya mbele ya krenki ikivuja, oili huruka moja kwa moja juu ya mkanda. Kwenye 1HZ mpangilio ni tofauti: krenki inazungusha gia kwanza, na mkanda uko juu yake ukienda kwenye kemshafti. Huko sili za kuogopa ni ya kemshafti na ile ya mhimili wa pampu ya dizeli. Sili ya krenki ya 1HZ ikivuja utaiona nje nyuma ya puli kubwa, ikichafua mikanda ya fani.

Fungua kava la plastiki la mkanda uangalie kwa macho. Ukikuta oili ndani, usiufute mkanda ukaurudisha. Badilisha sili inayovuja pamoja na mkanda, hata kama mkanda una miezi michache. Kwa injini nyingi za aina hii Toyota hupanga mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT huwaka kukumbusha. Lakini hesabu hiyo ni ya mkanda mkavu. Aidha, mtu akikuuzia gari ambalo taa hiyo haiwaki kamwe, hata unapofungua swichi, jiulize nani aliitoa.

Sampu na chumvi ya bahari

Sampu nyingi ni za bati lililofinyangwa na kupakwa rangi. Kwenye barabara ya nchi kavu adui yake ni jiwe. Kwenye pwani yetu adui ni chumvi. Pikapu inayopakia samaki ufukweni hupata maji ya chumvi kutoka chini, hupata maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi kutoka kwenye bodi, halafu hukaushwa na jua. Rangi ya sampu hubambuka, kutu hula, na vinatokea vitundu kama vya sindano. Vitundu hivi havidondoshi, vinalowesha tu. Dereva anaona sampu ina mafuta na kudhani ni gasketi.

Sugua sampu kwa brashi ya waya ukiwa umeshaiosha, kisha igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Bati lililoliwa linabonyea. Likibonyea, usipoteze muda kwa kuziba kitundu kimoja kimoja. Tafuta sampu nyingine, au ishushwe ichomelewe kiraka na fundi anayejua kuchomelea bati jembamba, isafishwe ndani kabisa, ijaribiwe kwa mafuta ya taa usiku mmoja kabla ya kufungwa, na ipakwe rangi. Usichomelee sampu ikiwa kwenye gari na ina oili.

Toyota nyingi hazina gasketi ya karatasi kwenye sampu. Zinatumia silikoni ya kuhimili oili. Futa pande zote mbili zikauke kabisa, paka mstari usiokatika wenye upana wa milimita tatu hadi tano, upite ndani ya matundu ya bolti, funga ndani ya dakika chache, na subiri saa chache kabla ya kutia oili. Mafundi wengi hupaka silikoni nyingi kwa kuamini kuwa wingi ni usalama. Ile inayozidi husukumwa ndani, hukatika vipande, na kuziba chujio la pampu ya oili. Gari lililokuwa linavuja kidogo sasa halina presha kabisa.

Bolti ya kumwagia oili inataka washa mpya kila inapofunguliwa. Ikikazwa kupita kiasi huharibu nyuzi, na hapo ndipo watu huanza kufunga nailoni na kamba.

Sili ya nyuma

Iache iwe ya mwisho kushukiwa. Dalili zake ni oili safi kwenye tundu la chini la kasha la klachi huku sehemu zote za juu zikiwa kavu, na mara nyingine klachi inayoteleza mlimani au gari likiwa na mzigo. Inusie kwanza: ikiwa na harufu ya kiberiti, ni sili ya mbele ya giaboksi na si ya injini. Giaboksi ikishushwa, badilisha sili zote mbili na ukague klachi wakati huo huo, kwani kazi ya kuishusha ndiyo ghali kuliko vifaa.

Kununua sili

Vifaa vinavyofika Kismayo hutoka Dubai kwa meli, na vingine hutoka Nairobi kupitia Garissa. Bandia zimo katika njia zote mbili. Nenda dukani na sili ya zamani mkononi. Juu yake kumeandikwa nambari tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Zote tatu zilingane, na mshale wa mwelekeo wa mzunguko, kama upo, uwe upande ule ule. Bonyeza mdomo wa mpira. Unatakiwa kurudi mara moja. Wakati wa kufunga paka oili mdomoni, igonge sawasawa kwa bomba la kipenyo chake, na angalia kama mhimili una mfereji uliochimbwa na sili ya zamani. Ukiwepo, sili mpya isukumwe ndani au nje milimita moja au mbili, kama nafasi inaruhusu, ili mdomo ukae mahali pazima.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja huvimbisha mpira uliokauka na huweza kupunguza kidogo kwa sili ya zamani. Hazizibi gasketi iliyokatika wala sampu yenye tundu.

Je, tuondoke au tusiondoke?

Matone 20 hadi 30 hufanya takriban mililita moja. Tone moja kila sekunde ni karibu mililita 150 kwa saa, yaani lita moja na nusu kwa safari ya saa kumi. Kwa injini nyingi za pikapu nafasi kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti ni kati ya lita moja na mbili. Kwa hiyo gari linalodondosha tone kila sekunde likiwa linanguruma linaweza kumaliza nafasi hiyo yote kabla ya kufika, na kwenye mwendo huvuja zaidi kuliko likiwa limesimama.

Unyevu wa kava la tapeti au jasho la sampu, safari inawezekana ukiwa na lita tano za akiba. Kuvuja kwenye filta, swichi ya presha, mipira ya oili au bomba la tabo, usiondoke. Oili ndani ya kava la mkanda, usiondoke. Na usitegemee taa nyekundu ya oili: taa ile haipimi kiasi, inapima presha, na ikiwaka ukiwa mwendoni zima injini pale pale, hata kama umesimama kwenye jua.

Msimu wa Gu, Aprili hadi Juni, na wa Deyr, Oktoba hadi Desemba, ongeza tahadhari. Tope jeusi la bonde la Juba hufunika sampu na kuficha kila kitu, na gari linalovutwa kutoka kwenye tope hufanya kazi kwa joto kubwa bila upepo.

Kwa dharura, beba filta, bolti ya kumwagia oili na washa zake, gundi ya chuma ya kuchanganya tyubu mbili, skrubu fupi zenye washa za mpira, klipu za mipira na matambara. Sampu ikitobolewa na jiwe, mwaga oili iliyobaki kwenye chombo safi, futa bati kwa petroli kidogo injini ikiwa baridi kabisa, kwaruza, ziba kwa skrubu na gundi, subiri ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Sabuni ya mche, ambayo madereva huitumia kuziba tangi la dizeli, haifai hapa. Joto la oili huiyeyusha. Na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka gogo au gurudumu la akiba chini ya fremu.

Oili chafu rudisha kwenye dumu. Wapo wanaoimwaga ufukweni, na wapo wanaoipaka mbao za mashua badala ya sifa. Ina masizi na chembe za chuma, huchubua ngozi ya anayeipaka, na inaishia kwenye maji yale yale ya kamba anaowasafirisha.

Baada ya kutengeneza, safari ya kwanza simama mara mbili. Simama baada ya nusu saa, zima, angalia chini kwa tochi. Simama tena Afmadow, ngoja dakika kumi, pima kijiti, na andika kiwango kwenye daftari la gari pamoja na kilomita. Ukirudi Kismayo pima tena mahali pale pale pa tambarare.